Chupa ya Primus inarudi, ya dawa inabaki shambani



Siku ya soko, pita mbele ya depo yoyote ya bia hapa Katana: utaona kazye tupu zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka karibu na dari. Sasa tafuta chupa nzima ya Primus iliyotupwa mferejini kando ya barabara. Utatafuta mpaka uchoke. Kama ilikuwepo, mtoto ameshaiokota na kuikimbiza kwa mwenye depo, juu anajua ile chupa ni makuta. Kisha teremka mabondeni, kwenye bustani za nyanya, shu na lengalenga. Huko hautatafuta sana. Vichupa vya dawa ya wadudu viko chini ya vichaka, vifuko vya dawa ya ukungu vinaelea kwenye mifereji, na mara nyingine unakuta kifuniko peke yake, chupa haionekani. Ile chupa isiyoonekana ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote.

Zote mbili ni chupa. Zote mbili zilipanda kamyo au moto kutoka Bukavu zikafika hapa zimejaa. Kwa nini moja inajua njia ya kurudi na nyingine haijui?

Wenye biashara kubwa wanaiita kazi hiyo lojistiki ya kurudi: namna ya kukitoa kitu kwa aliyekitumia na kukifikisha kwa aliyekiuza au aliyekitengeneza, ili kirekebishwe, kitumiwe tena, au kiharibiwe pasipo kuumiza mtu. Sisi waagronomu tunaofanya kazi na koperative zenu tunaona zimejifunza vizuri njia ya kwenda: kununua pembejeo pamoja, kukusanya mavuno pamoja, kuuza pamoja. Njia ya kurudi haina mstari hata mmoja kwenye kontra nyingi tunazoletewa kusoma. Kwa maoni yetu, hapo ndipo makuta yenu yanapovuja, na mara nyingine afya yenu pia.

Tuanze na bia, juu kila mtu anaijua. (Hatuwatangazii bia, tunatangaza chupa.) Bralima ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923, na kwa miaka mingi kiwanda chake cha Bukavu kimelisha depo za Kivu ya Kusini. Vita iliyofika Bukavu mwaka 2025 imevuruga viwanda na barabara, lakini tunachosema hapa ni desturi ambayo watu wa Katana wameizoea tangu wazazi wetu: vidanje.

Ukichukua kazye bila kuleta tupu, unalipa vitu viwili. Unalipa bia, na unalipa vidanje. Bia unakunywa ikaisha. Vidanje haiishi, ni deni la mwenye depo kwako mpaka siku utakapomrudishia chupa. Na yeye mwenye depo amelipa vidanje kwa depo kubwa, na depo kubwa imelipa kiwandani. Kwa hiyo kila mtu kwenye mnyororo ana makuta yake yamelala ndani ya chupa tupu, na kila mtu anataka yaamke. Hakuna polisi wa chupa. Hakuna semina ya chupa yenye per diem. Hakuna bango barabarani linalosema "rudisha chupa kwa maendeleo ya taifa". Na chupa inarudi.

Halafu kuna kamyo. Ile iliyoleta kazye zilizojaa lazima irudi Bukavu hata hivyo. Mazutu ya kurudi yamekwisha kuhesabiwa ndani ya safari. Basi kazye tupu zinasafiri karibu bure. Kama Bralima ingetuma kamyo ya pekee kuja kukusanya chupa tupu kijiji kwa kijiji, hesabu ingekufa mwezi wa kwanza. Na mwenye depo hapokei kila kitu: chupa yenye mdomo uliovunjika anaikataa, ya kampuni nyingine anaiweka kando. Kiwandani chupa inaoshwa kwa maji ya moto na soda kali, inakaguliwa, inajazwa tena. Chupa moja ya kioo inazunguka hivyo mara nyingi kabla ya kuvunjika.

Kitu kimoja zaidi, tafadhali mkishike, kitatusaidia chini. Mtu anayekuja na kazye tupu halipi vidanje tena. Analipa bia peke yake. Tupu kwa iliyojaa.

Sasa dawa. Kichupa cha dawa ya wadudu hakina vidanje. Kikiisha, hakuna anayekidai, hakuna anayekilipa. Lakini ni kizuri, kigumu, kina kifuniko kinachofunga vizuri. Kwenye nyumba ambamo chombo cha plastiki ni kitu cha kununua, kitu kizuri namna ile hakitupwi. Kinaoshwa kwa sabuni na mchanga, kinakaushwa, kisha kinawekwa mafuta ya mawese, au chumvi, au petroli ya taa. Bidoni kubwa iliyokuja na dawa inapewa kazi ya kubebea maji au kasiksi. Hiyo ndiyo chupa isiyoonekana. Haikupotea, iko jikoni.

Tuseme wazi, juu tunasikia watu wakibishana: kuosha hakuifanyi chupa ya dawa kuwa chombo cha chakula. Dawa nyingine zinaingia ndani ya plastiki yenyewe, kisha zinatoka polepole, hasa ndani ya mafuta na pombe. Harufu inaweza kuisha, sumu ikabaki. Miongozo ya FAO na OMS inakataza kabisa vyombo hivyo kutumiwa kwa chakula, maji au malisho. Ule muosho wa mara tatu tunaowafundisha (maji safi robo ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu, mwaga ndani ya pompi, rudia mara tatu) una kazi mbili tu. Kwanza hamupotezi dawa mliyoilipia. Pili, chupa inakuwa na sumu kidogo sana kwa mtu atakayeibeba kuirudisha. Haikuwa kamwe ruhusa ya kuweka mafuta ya mawese. Baada ya muosho wa tatu, itoboe chini kwa msumari. Chupa iliyotobolewa haina kazi jikoni.

Na isiyoingia jikoni inaingia mtoni. Vijito vyetu vinateremka kutoka upande wa Kahuzi vinapita mashambani na kuingia ziwa Kivu. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi, kule Bukavu, na juu ya Ruzizi kuna bwawa la umeme la Ruzizi I lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki za pande zote za ziwa, za Kongo na za Rwanda, zinaelea mpaka pale. Zinaziba mashine, wafanyakazi wanazitoa kwa mashua, na wazamiaji wanaingia majini kuzifuata chini, na umeme unakatika mjini. Nyingi ni chupa za maji na soda, ndiyo. Lakini kichupa cha bustani ya nyanya ya Katana kinafuata njia ile ile.

Kuna wanaotuambia: serikali ikataze. Serikali imekwisha kukataza mambo. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifuko vya plastiki katika nchi yetu. Nenda sokoni ukahesabu vifuko. Sheria iliyokataza kitu bila kumwambia mama muuzaji atatumia nini badala yake, na bila kumpa mtu yeyote faida ya kukirudisha, ilitegemea tu woga. Kenya nayo, katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imechukua njia nyingine: anayetengeneza au kuingiza bidhaa anabeba mzigo wa taka yake mpaka mwisho. Hiyo inatupendeza zaidi, ingawa sheria ni karatasi, na kazi ni kazi.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Brazili, nchi ya wakulima wengi, wakubwa na wadogo. Mwaka 2000 walitoa sheria iliyogawa kazi ya chupa za dawa kwa watu watatu. Mkulima anaosha mara tatu na kurudisha ndani ya mwaka mmoja. Muuzaji anaandika kwenye fakitire mahali pa kurudishia, na lazima mahali hapo pawepo. Mtengenezaji anakuja kuchukua, anasafirisha, anageuza plastiki au anaichoma kwenye tanuru maalumu. Leo zaidi ya 90% ya vyombo vya plastiki vilivyogusana na dawa vinarudi. Na mnajua vinarudi na nini? Na kamyo zilizoleta dawa mpya, ambazo zingerudi tupu. Hesabu ya Primus, ndugu zetu. Hesabu ileile.

Basi tunapendekeza nini kwa magazini za koperative za Katana?

Wazo la kwanza linalokuja ni kuweka vidanje kwenye kila chupa ya dawa, tuseme 500 FC, mtu akirudisha chupa iliyooshwa anarudishiwa. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini tumekaa na nyinyi mwezi wa tisa, wakati wa kuanza sezo A, na tunajua kipindi kile makuta hayalali. Mama anayehesabu nusu kilo ya mbegu za maharagi hawezi kuacha 500 FC zilale ndani ya chupa mpaka mavuno. Atanunua dawa sokoni kwa yule anayepima na kuuza ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, bila karatasi ya maelezo, na tutakuwa tumezidisha ubaya. Kwa hiyo sisi tunapenda zaidi ile tupu kwa iliyojaa. Mara ya kwanza mwanachama anachukua dawa bila kulipa vidanje, jina lake na hesabu ya chupa vinaandikwa kwenye daftari. Mara ya pili, asiyeleta chupa tupu, iliyooshwa na kutobolewa, ndiye analipa zaidi. Aliyeleta analipa bei ya kawaida. Na deni la chupa ambayo haikurudi mpaka mwisho wa sezo linakatwa kwenye malipo ya mavuno, kama mnavyokata kopo zingine. Hakuna anayetoa makuta mwezi wa tisa.

Magazinye ataongezewa kazi, hilo tunalijua. Anahitaji pipa lenye kifuniko na kufuli, mbali na mbegu na chakula, mbali na watoto, na glavu. Asipokee chupa isiyooshwa, sawa vile mwenye depo anavyokataa chupa iliyovunjika mdomo. Na asichome. Tunarudia: asichome nyuma ya magazini. Moshi wa plastiki ya dawa ni dawa vilevile, na unaingia kwenye nyumba za jirani.

Kisha swali gumu: pipa likijaa, linaenda wapi? Hapo ndipo koperative ina nguvu ambayo mkulima mmoja hana. Mkulima mmoja akimwambia muuzaji wa Bukavu "chukua chupa yako", atachekwa. Koperative inayonunua kartoni kwa mkupuo mmoja inaweza kusema kabla ya kulipa: gari lako likileta, litarudi na mapipa yetu, na tupe karatasi inayosema umeyapeleka wapi. Mmoja atakataa. Wa pili atakataa. Koperative tatu za Irhambi-Katana zikienda pamoja na oda moja, hatuoni wa tatu akikataa haraka. Na miradi inayogawa dawa na pompi bure, ambayo iko mingi katika eneo letu, iandike sharti hilohilo kwenye zabuni zake. Anayeshinda zabuni alete na arudishe. Ni fedha ndogo ukilinganisha na fedha za bango la mradi.

Tumekaa sana kwenye chupa. Lakini njia ya kurudi si ya vitu vitupu peke yake. Kuna kitu kilichonunuliwa ambacho hakifai, na hapo hasara ya koperative ni kubwa kuliko chupa mia.

Mbegu hazikuota. Mwanachama anakuja analia, komite inampigia muuzaji simu, muuzaji anajibu: "mulizitunza vibaya," au "mvua ilikuwa nyingi," au "mulipanda chini sana." Na huenda ni kweli! Hakuna anayeweza kuhakikisha, juu gunia limefunguliwa, lebo imetupwa, mbegu zote ziko udongoni. Kesi inakufa hapo, na mkulima amepoteza mbegu, amepoteza mikono ya kulima, amepoteza sezo. Mbegu haina njia ya kurudi baada ya kupandwa. Njia yake ni fupi sana: kati ya siku ya kupokea na siku ya kupanda. Lazima muitumie humo.

Tunavyofanya na koperative zinazotusikiliza ni hivi. Siku mbegu zinapofika, mbele ya mtu wa muuzaji, kinachukuliwa kidogo kutoka kila gunia, kinachanganywa, kinawekwa ndani ya vifuko viwili vya karatasi, vinafungwa, pande zote mbili zinasaini juu yake. Kimoja kinabaki kwa koperative, kimoja kwa muuzaji. Lebo ya gunia, ile yenye jina la mbegu na namba ya loti, inakatwa na kubandikwa kwenye daftari. Kisha mnahesabu mbegu 100, mnaziweka kwenye mchanga wenye unyevu au ndani ya kitambaa kilicholowa, na mnazihesabu tena baada ya siku 7 au 8. Zikiota chini ya 80 za maharagi, gunia halifunguliwi kwa ugawaji, linarudi. Namba hiyo 80 iandikwe kwenye kontra kabla, isije kuwa mabishano ya mlangoni. Na gharama ya kurudisha gunia ni ya nani? Ya aliyeleta kibaya. Iandikwe vilevile.

SENASEM ndiyo yenye kazi ya kukagua na kuthibitisha mbegu katika nchi, na INERA ya Mulungu iko hapa hapa Kabare. Kama muuzaji anabisha matokeo yenu, kifuko chenye saini mbili ndicho mnachopeleka kwa mtaalamu. Bila kifuko mnapeleka maneno.

Kwa hesabu hii mbegu lazima zifike angalau wiki mbili kabla ya mvua. Zikifika siku ya kupanda, kama inavyotokea mara nyingi mno, hata kontra nzuri haitasaidia kitu: mtazipanda tu, mnaomba Mungu. Kuchelewa kwa mzigo ni ujanja wa zamani wa wauzaji wengine, na sio wauzaji peke yao. Mwezi wa saba ndio wa kutoa oda ya sezo A.

Na msisahau kwamba njia hii inapita pia kwetu. Maharagi yenu yanayokataliwa Bukavu juu ya mawe au unyevu yanarudi magazini, na koperative nzima inabeba aibu na nauli ya kosa la magunia matatu. Andikeni namba ya mwanachama kwenye kila gunia. Inatosha.

Juu ya magunia yenyewe, maneno machache. Yale ya tabaka tatu, yanayokaza hewa ili wadudu wafe ndani, yanaweza kutumika sezo mbili au tatu kama hayakutoboka. Basi yarudishwe magazini, yajazwe hewa na kukazwa mdomo kuona kama yanavuja. Gunia la kawaida lililotoka sokoni ni jambo lingine. Linarudi na mayai ya wadudu wa maharagi kwenye mishono yake. Lichemsheni, likauke kabisa juani, ndipo liingie magazini. Si kila kinachorudi kinarudi salama. Wenye migomba wanajua: mnyauko ulipita kutoka shamba moja kwenda jingine juu ya panga la kukodi na machipukizi ya zawadi. Tupu ya ndizi, majani na makoba ya shamba lenye ugonjwa, visirudi kwa mtu.

Tumeacha mwisho kitu kinachotukera zaidi kama waagronomu, na ni kahawa.

Mwanachama anapoteremsha kilo 100 za matunda mekundu mpaka kituo cha kuoshea, karibu kilo 40 ni maganda mabichi. Parshe iliyokauka inakuwa kama kilo 20. Zingine ni ute na maji. Parshe inaenda Bukavu, kisha ng'ambo, na malipo yanarudi. Sawa. Lakini zile kilo 40 zinabaki wapi? Kituo kikipokea tani 100 kwa msimu, kinabaki na tani 40 za maganda. Tunayaona yakirundikwa nyuma ya kituo, yakioza, mvua ya mwezi wa nne ikiyasukuma mtoni, maji yakigeuka meusi na kunuka, watu wa chini wakilalamika. Maganda yale yana potasi nyingi, ile ile inayotolewa kwenye udongo wa shamba lako kila msimu na haurudishi. Halafu mwanachama huyohuyo anatuuliza mbolea ya dukani ni bei gani.

Ndugu zetu wa Kalehe, SOPACDI iliyoanzishwa mwaka 2003 na Muungano baada yake, wameonyesha kwamba wakulima wa kando ya ziwa hili wanaweza kumiliki vituo vyao na kuuza kahawa nzuri mbali. Hiyo ni njia ya kwenda, na inaheshimika. Sisi tunasema maganda nayo ni mali ya mwanachama. Aliuza parshe, hakuuza maganda; hayo yalibaki kituoni juu hakuna aliyeyaulizia.

Yakichanganywa na majani, samadi na udongo kidogo, yakigeuzwa kila wiki mbili au tatu, yanakuwa mbolea ndani ya miezi mitatu mpaka sita. Kahawa yetu inaanza kuiva kwa wingi kama mwezi wa tatu. Hesabuni wenyewe: mbolea inakuwa tayari karibu na sezo A. Na daftari la kupokea kahawa lipo tayari, linaonyesha kila mtu alileta kilo ngapi, basi linaonyesha pia kila mtu anadai mbolea kiasi gani.

Tunajua jibu: ni nzito, na nani atapanda nayo mlima? Wa mama. Na mgongo wa mama hauna vidanje. Kwa hiyo hatuungi mkono mpango wowote unaosema "kila mwanachama aje achukue fungu lake". Wanaokaa karibu na kituo watakuja, walio mbali watapoteza haki yao, na jioni mama atakuwa na mzigo mwingine. Angalieni badala yake kamyo au gari dogo linalopita kukusanya matunda kwenye vilima. Asubuhi linapanda tupu. Kila asubuhi ya msimu, tupu! Hilo ndilo lipande na mbolea iliyobaki ya mwaka uliopita, lishushe kwenye kila kituo kidogo cha kupokelea, lirudi na matunda. Mkulima analeta kahawa, anaondoka na mbolea ya uzito anaouweza. Wafugaji wa Bukavu walifanya biashara nzuri kwa miaka na masalia ya nafaka ya kiwanda cha bia, wakalisha ng'ombe na nguruwe, na hakuna aliyeona aibu kuyaita chakula.

Koperative zinazotaka kujaribu, tuanze na kontra ya pembejeo ya sezo A, juu ndiyo iliyo karibu. Tunapendekeza iwe na maneno haya, na mwanasheria wenu ayanyooshe: "Muuzaji atarudisha kwa gari lake vyombo vyote vitupu vya dawa alizoleta, vilivyooshwa, na atatoa karatasi ya mahali vilipofikishwa. Mbegu zitakazoota chini ya 80 kwa 100 katika jaribio la pamoja zitarudishwa kwa gharama ya muuzaji, na zitabadilishwa ndani ya siku 7, la sivyo malipo yatarudishwa." Waletaji wa kontra waje nayo ofisini kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, pamoja na prezida na magazinye, tuisome wote kabla haijasainiwa.